Zawadi ya Kampuni na Amana ya Msomaji

Mwaka 2006 ulipokuwa ukingoni, na kampuni ya Microsoft ikiwa katika maandalizi ya kuuza kwa umma programu yake mpya iitwayo Windows Vista, ambayo iliingia madukani tarehe 30 Januari 2007, waandishi kadhaa wa blogu walipelekewa kompyuta mpakato za Acer, za ile aina iliyopewa jina la Ferrari, zikiwa na programu hiyo ndani yake tayari kwa kutumiwa. Zilikuwa kompyuta za thamani kubwa, za bei ambayo mtu wa mshahara wa kadiri haitoi bila ya kushauriana kwanza na watu wa nyumba yake. Waliopelekewa waliambiwa kwamba wakimaliza kuzijaribu wana hiari ya kuzirudisha, kuwapa watu wengine, au kubaki nazo. Mzozo ukazuka papo hapo. Wako wapokeaji waliotangaza waziwazi kile walichopewa, na wako walioudhika kwa kushukiwa. Na Joel Spolsky, mtu mashuhuri katika fani ya uandishi wa programu, alisema bila kificho kwamba jambo hilo ni hongo, na kwamba linaharibu imani ya wasomaji kwa wanablogu wote, hata kwa wale ambao hawakupokea kitu. Haukupita muda, wapokeaji wakaandikiwa tena, safari hii wakiombwa wazirudishe kompyuta hizo au wazigawe baada ya kuzifanyia uhakiki.

Nakitaja kisa hiki cha zamani kwa sababu hoja zote zinazosikika leo Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, kila inapoulizwa kama ni halali kwa mwandishi wa mitandaoni kupokea bidhaa za bure kutoka kwa kampuni anazoziandika, zilikwisha kutolewa wakati ule: kwamba zawadi haikuwa na sharti, kwamba mwandishi ana akili zake na hanunuliki, kwamba haiwezekani kueleza habari za kitu pasipo kukishika mkononi. Hoja hizo zina uzito wake na sizidharau. Walakini kila moja inamtazama mwandishi na kampuni tu, na kumwacha nje mtu wa tatu, ambaye ndiye mwenye haki kubwa zaidi katika shauri lote, nami nakusudia kumsemea yeye.

Huku kwetu desturi hiyo imeenea kwa vitu vya kila namna: simu, manukato, vipodozi, vitenge, vyakula, hata malazi katika hoteli za pwani. Aghalabu mambo huwa hivi. Mwenye blogu, au ukurasa wa Instagram ambao wafuasi wake wamefika maelfu, hupigiwa simu na kijana wa ofisi ya masoko, mwenye adabu na maneno ya upole, akaulizwa anakaa mtaa gani. Kesho yake dereva wa bodaboda husimama mlangoni na boksi lililofungwa utepe, lenye kadi iliyoandikwa jina la mwenyewe, na ndani yake chupa za mafuta ya ngozi zilizolazwa juu ya karatasi laini kama mayai. Kadi haidai kitu. Inasema tu kwamba kampuni inaithamini kazi yake na itafurahi kuyasikia maoni yake. Jioni ile ile boksi hufunguliwa mbele ya kamera taratibu, utepe kwanza, kisha kadi, kisha chupa moja moja, na maelfu ya watu huiona furaha ya kweli usoni mwa mtu aliyetunukiwa. Furaha ile haina ila. Lakini mafuta yenyewe hayajapakwa hata mara moja, na tayari yamekwisha kusifiwa.

Wanazuoni wa Kiislamu wamelijua jambo la namna hii kwa karne nyingi, na katika hadithi za Mtume zilizopokewa na Bukhari na Muslim kimo kisa cha Ibn al-Lutbiyya, mtu wa kabila la Azd, aliyetumwa kwenda kukusanya zaka, naye aliporejea akayagawa mafungu mawili aliyokuja nayo, akasema kwamba hili ni lenu, na hili nimepewa mimi kuwa zawadi. Mtume alisimama juu ya mimbari akauliza mbele ya watu: kwa nini mtu huyu asingekaa katika nyumba ya baba yake au ya mama yake, akatazama kama angeletewa zawadi huko au asingeletewa? Sijui mizani iliyo sawa zaidi ya hiyo ya kupimia shauri letu. Mwanablogu ajiulize: je, kampuni hii ingeniletea simu hii siku zile ambazo sikuwa na msomaji hata mmoja, nikikaa kwa mama yangu Tandika au Makorora, nisijulikane ila kwa majirani? Kama jibu ni hapana, na aghalabu ni hapana, basi simu ile haikuletwa kwa ajili yake. Imeletwa kwa ajili ya watu wanaomwamini, na yeye ameipokea kwa niaba ya imani yao pasipo kuwaambia.

Kwa sababu hiyo hiyo mafakihi walimzuia kadhi asipokee zawadi kutoka kwa watu wenye mashauri mbele yake, wala hawakungoja mpaka ithibitike kuwa hukumu yake imepotoka. Ilitosha kuwa aliyeshitakiwa ana haki ya kusimama mbele ya hakimu asiye na deni la upande wowote. Walibagua kwa insafu kati ya mtu aliyekuwa na mazoea ya kumzawadia kadhi tangu kabla hajashika kazi, kama vile ndugu na rafiki wa kale, na mtu ambaye ukarimu wake ulianza siku ile kadhi alipokalia kiti. Mwanablogu hana mahakama, lakini kazi yake ni ya ushahidi. Anasema: nimekitumia, nimekiona, kinafaa. Msomaji ambaye hawezi kukijaribu kitu kabla ya kukinunua huazima macho yake na kutoa fedha kwa kuitegemea shahada hiyo. Shahidi aliyepewa kitu na mwenye shauri, akanyamaza, ushahidi wake ni batili hata kama kila neno alilolisema lilikuwa la kweli.

Waandishi wenyewe hujibu kwamba hawauzi maoni yao, na kwamba wakiona kibaya watasema. Naamini kuwa wengi wao husema hivyo kwa ikhlasi. Lakini athari ya zawadi haipiti mlango ule wanaoulinda. Mwandishi akiwa mtu wa murua hatasema uongo. Atakachofanya ni kuacha kusema. Soma sifa za simu zilizoandikwa na waliopewa simu, uone zinapoishia: utaambiwa uzuri wa kamera, wembamba wa umbo, rangi ya mgongo wake, hata namna sanduku lake linavyofunguka, hutaambiwa betri yake inakuwaje baada ya miezi minane, wala bei ya kubadilisha kioo chake Kariakoo kikipasuka, wala kama vipuri vyake vinapatikana Mwanza au Kigoma. Hayo ndiyo anayoyataka mtu anayekusudia kutoa akiba yake, na hayo hayaandikwi, kwa kuwa aliyeandika hakutoa akiba yake. Mtu aliyenunua kitu kwa jasho lake hukikagua kwa jicho kali, akakasirika kinapomvunja moyo, na hasira yake ina manufaa kwa wenziwe. Aliyepewa hana hasira hiyo, naye hawezi kujitia nayo.

Tena kuna zawadi ya pili. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi, na ofisi za masoko zinaijua maana yake vizuri sana. Hakuna mtu anayemwambia mwandishi asifu. Ila ofisi ina orodha ya majina, na bidhaa inayofuata inapokuja, wale walioandika kwa wema wanakumbukwa, na yule aliyeandika kwamba mashine ile ilipata moto mno anasahaulika. Hakuna barua ya kumfukuza, hakuna ugomvi, simu haipigwi tu. Mwandishi kijana, ambaye hulipia bando la intaneti kutoka mfukoni mwake na ambaye wenziwe wanazidi kupata wafuasi kwa sababu wao ndio wa kwanza kushika kila kitu kipya, huielewa adhabu hiyo bila ya kufundishwa, na taratibu hujirekebisha mwenyewe. Simlaumu sana kijana huyo. Namlaumu zaidi mwenye kampuni, mwenye uwezo wa kulipia tangazo kwa jina lake la haki, akachagua kulivisha joho la ushuhuda wa rafiki.

Jinsi joho hilo linavyoshonwa ilijulikana wazi katika shauri la duka la nguo la Lord & Taylor huko Marekani. Mwezi wa Machi 2015 duka hilo liliwateua watu 50 wenye sifa ya mavazi katika Instagram, kila mmoja akapewa gauni lile lile bure, na juu ya gauni akalipwa kati ya dola 1,000 na 4,000, ili wote wajipige picha wamelivaa na kuzitoa katika wakati mmoja wa mwisho wa juma. Mapatano yaliwataka walitaje duka katika maneno yao. Hayakuwataka waseme kwamba wamepewa gauni na kulipwa. Waliotazama waliona wanawake hamsini wa ladha mbalimbali wakilipenda gauni moja kwa siku zile zile, na gauni likauzwa likaisha. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo, ambayo tangu tarehe 1 Desemba 2009 miongozo yake imewataja hata wanablogu, ikisema kwamba anayepewa fedha au bidhaa ili asifu kitu lazima ajulishe uhusiano huo, ililifuatia duka hilo, na mwaka 2016 shauri likamalizika kwa duka kukubali lisirudie. Sikupenda kuona kwamba halikutozwa faini, lakini jambo moja lilinifurahisha: sheria ilimkamata mwenye duka, mwenye nguvu na faida, badala ya kumwinda mmoja mmoja kati ya wale hamsini.

Pengine msomaji atasema kwamba gauni ni gauni, na aliyenunua gauni asilolipenda hakufa. Kweli. Basi tuyaache magauni tuje kwenye ngozi. Katika miji yetu hakuna bidhaa inayosifiwa kwa bidii mitandaoni kama vipodozi, na miongoni mwake zimo krimu za kung'arisha ngozi na ule mchanganyiko tunaouita mkorogo, ambao mara nyingi muuzaji huuchanganya mwenyewe na haubandikwi karatasi ya kueleza kilichomo. Zebaki imekatazwa katika vipodozi hapa Tanzania kwa miaka mingi, na haidrokwinoni kadhalika. Tangu mwaka 2019 dhima ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango. Na mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza au kupeleka nje vipodozi vyenye zebaki iliyozidi kipimo cha sehemu moja katika milioni. Zebaki hupenya katika ngozi ikaingia mwilini na kuharibu figo, na kwa mama mjamzito humdhuru mtoto aliye tumboni. Sasa chukua msichana wa miaka kumi na tisa, anayemwona dada mzuri wa uso akilishika kopo mbele ya kamera na kusema kwamba hili ndilo siri yake. Kopo limeletwa bure. Dada yule hakulipeleka kupimwa, hana maabara, na yamkini hata yeye halipaki. Msichana anatuma fedha kwa simu na kopo linaletwa kwa bodaboda. Penye urembo ndipo penye urimbo, na aliyeutega urimbo huu kwa mkono wa mwingine hatajwi popote.

Wako watakaosema kwamba kupeana zawadi ni mila yetu, na kwamba masharti haya ni ya Wazungu wasiojua ukarimu. Hoja hiyo tumekwisha kuisikia katika jambo kubwa zaidi, na tumekwisha kuihukumu. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha sheria ya uchaguzi ili kile anachokitoa mgombea kwa nia njema, kama takrima ya kawaida au ya jadi, kisihesabiwe kuwa rushwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenziwe walikwenda Mahakama Kuu kuipinga, na mwaka 2006 Mahakama ikaifuta, kwa kuwa ilifungua mlango wa rushwa na tena iliwabagua wagombea wasio na kitu mbele ya wale wenye nacho. Sababu ya pili ndiyo ninayotaka izingatiwe hapa. Pale ambapo sauti hupatikana kwa zawadi, asiye na cha kutoa hatajwi. Wanawake wa Unguja wanaotengeneza sabuni kwa mwani walioulima wenyewe, wakaukausha, wakausaga na kuuchanganya na mafuta ya nazi, hawana sabuni mia za kugawa bure kwa watu mashuhuri, wala utepe, wala kadi za kuchapisha. Kila kipande wanachokitoa ni kipande cha riziki. Kampuni kubwa ya sabuni kutoka ng'ambo inazo elfu. Msomaji anayefungua simu yake akaona sabuni ile kubwa kila siku, na ya mwani asiione kamwe, hudhani kwamba ametazama soko, ilhali ameonyeshwa orodha ya wenye uwezo wa kutoa.

Insafu inanilazimisha niseme kwamba magazeti si safi katika jambo hili. Bahasha anayopewa mwandishi wa habari mwishoni mwa mkutano, ikiitwa nauli, ni ndugu wa damu wa boksi lile lenye utepe, na maadili ya Baraza la Habari Tanzania, pamoja na maadili ya wanahabari yaliyomo katika sheria ya Baraza la Habari la Kenya ya mwaka 2013, yameikataza. Na bado ipo. Safari za bure zitolewazo na mashirika ya ndege na hoteli huzaa makala za kusifu ambazo chini yake hapaandikwi nani alilipa. Tofauti ni kwamba mwanahabari anayo angalau sheria anayoivunja, na mhariri wa kumuuliza. Mwanablogu yuko peke yake. Hapa Tanzania kanuni za mwaka 2018 za maudhui ya mtandaoni zilimtaka akate leseni kwa gharama iliyozidi shilingi milioni mbili, na mabishano yakawa makali juu ya uhuru wa kusema, kama yalivyostahili kuwa; laiti nusu ya ukali huo ungeelekezwa pia kwenye kuuliza nani anamlipa anayesema.

Sidai kwamba kila kitu cha bure kikataliwe. Mhakiki wa vitabu hupelekewa nakala na mchapishaji, na desturi hiyo imedumu bila ya kuharibu uhakiki, maana kila msomaji anaijua, nakala moja haimtajirishi mtu, na ujira wa mhakiki hutoka kwa gazeti. Chupa ya mafuta na kitambaa cha kitenge vinaweza kufuata njia hiyo, mradi pasemwe. Pasemwe mwanzoni, kabla ya sifa ya kwanza, kwa Kiswahili anachokielewa bibi na mjukuu: nimepewa bidhaa hii bure na kampuni fulani. Neno moja la Kiingereza lililofichwa mwishoni mwa alama ishirini za reli halikumjulisha mtu kitu. Ama simu, kompyuta, friji na mengine ya thamani kubwa, hayo yaazimwe na yarudishwe baada ya kujaribiwa, na tarehe ya kuyarudisha itajwe. Kompyuta iliyobaki nyumbani kwa mhakiki miaka mitatu imekuwa mshahara. Na kitu kinachopakwa mwilini, kinachonywewa au kinachopewa mtoto, mwandishi asikisifu kabla hajaiona alama ya Shirika la Viwango, hata kama aliyempa ni ndugu yake.

Dhima iliyobaki ni ya kampuni na ya wenye mamlaka. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 imekwisha kuukataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, nayo ina Tume ya kuisimamia. Basi Tume itoe mwongozo wa ukurasa mmoja usemao kwamba kumpa mtu bidhaa ili aisifu hadharani, bila ya kumtaka kwa maandishi aitaje zawadi hiyo, ni upotoshaji, na kwamba atakayejibu ni kampuni iliyotoa. Haihitaji leseni mpya wala ada. Nawe msomaji, kabla hujatuma fedha kwa ajili ya kitu ulichokiona kikisifiwa, mwandikie aliyekisifu umuulize: umekinunua, au umepewa? Akikujibu wazi, mpime kwa jibu lake. Akikaa kimya, au akalifuta swali lako, zuia fedha yako.